Kueleza Biashara Mbele ya Kamati ya Mikopo

Askari anapostaafu, awe wa jeshi au wa polisi, hukabidhiwa kiinua mgongo chake pamoja na mashauri tele ya kila mtu juu ya namna ya kukitumia. Ndugu humwambia anunue pikipiki za bodaboda, jirani humwambia afuge kuku, na mtu asiyemjua vyema humwambia anunue kiwanja haraka kabla bei haijapanda. Ni nadra kumsikia mtu akimwambia kwamba siku moja atalazimika kusimama mbele ya watu wasiomjua, wenye fedha nyingi kuliko zake na subira ndogo kuliko yake, awaeleze biashara yake mpaka waielewe na kuiamini. Na jambo hili halimhusu askari peke yake. Mkewe aliyebaki nyumbani akilea watoto na kulima, naye humfika. Mimi limenifika, na ndilo ninalotaka kulieleza leo kwa kirefu kidogo.

Tunakaa Maliba, wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Mume wangu ni sajini mstaafu. Wageni wanaokwenda kupanda milima ile hupita karibu nasi wakielekea Nyakalengija, na fimbo zao na viatu vyao vizito, ilhali sisi tunavipanda vilima hivyo hivyo na vikapu vya kahawa mgongoni. Kahawa yetu ni arabika. Ni kahawa nzuri, lakini kwa miaka mingi wengi wetu tuliiuza kwa njia mbili zisizotufaa. Ya kwanza ni kuiuza mbivu, nyekundu, siku ileile ya kuichuma, kwa mchuuzi anayekuja na mizani yake. Ya pili, iliyo mbaya zaidi, ni kile kinachoitwa kuuza maua. Mwezi wa Februari shule zinapofunguliwa, mama hana karo, na mkahawa umechanua maua meupe tu. Basi huja mtu mwenye fedha, akayatazama maua, akataja bei, akatoa shilingi taslimu. Kahawa itakapoiva ni yake. Mama huyo atapalilia, atachuma, na hatapata hata debe moja. Nimewaona wanawake wakichuma kahawa katika shamba lao wenyewe kama vibarua, na wengine walikuwa wake za askari ambao waume zao walikuwa mbali sana, kule Somalia, ambako jeshi letu limekuwa likipeleka watu tangu Machi 2007. Fedha za mume zilichelewa, karo haikungoja.

Mwaka 2023 tulikuwa wanawake 24 katika kikundi chetu cha kuweka akiba, na tukaazimia kununua mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, wavu wa vichanja vya kuanikia, maturubai na mizani yetu wenyewe. Kwa wale wasioijua kazi hii, niseme kwa ufupi kwamba kahawa mbivu humenywa, ikavundikwa usiku mmoja au zaidi mpaka ule utelezi uachie, ikaoshwa, kisha ikaanikwa juu ya vichanja kwa wiki moja au mbili hadi ikauke. Kilo tano au sita za kahawa mbivu hutoa kilo moja tu ya kahawa kavu iliyo ndani ya ganda lake jembamba. Kahawa hiyo haiozi kesho. Mwenye nayo anaweza kumwambia mchuuzi, "Rudi wiki ijayo." Tofauti yote ya maisha yetu ilikuwa katika maneno hayo matatu.

Tulihitaji shilingi milioni 4. Mpango wa Maendeleo wa Parishi, ambao Serikali iliuzindua mwaka 2022, uliitengea kila parishi shilingi milioni 100 kwa mwaka na kuruhusu kaya kukopa hadi shilingi milioni 1. Wachache kati yetu walikuwa wamekwisha kupata na kuzitumia kwa mbuzi na migomba, na wengine zamu yao ilikuwa bado. Mashine ni mali ya wote, na tulitaka deni lake liwe la wote. Kwa hiyo tuliomba kwa chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Kasese, nacho kikatujibu kwamba kamati yake ya mikopo itatusikiliza kwa dakika 15, baada ya majuma matatu.

Jioni ile tulipokusanyika uani kwangu, kila mmoja alikuwa na la kusema. Mmoja alitaka tuanze na historia ya kikundi. Mwingine alitaka tueleze shida za wajane. Wa tatu alisema tuimbe kwanza. Mume wangu alikuwa ameketi pembeni akitengeneza mpini wa jembe, hasemi kitu. Hatimaye akauliza, "Mnataka wafanye nini?" Tukamjibu kwa sauti nyingi. Akasema, "Hapana. Kwa sentensi moja."

Wake wa askari wanaifahamu tabia hii. Katika jeshi, kamanda anapotoa amri kabla ya kazi, hazitoi ovyo ovyo. Huzipanga katika mafungu matano yanayojulikana, na askari aliyechoka, mwenye njaa, tena gizani, huweza kuyashika kwa sababu kila mara huja kwa mpango uleule. Kwanza hali ilivyo. Pili kazi yenyewe, kwa sentensi moja, na kamanda huirudia mara mbili. Tatu namna ya kuitekeleza. Nne utawala na ugavi, yaani chakula, risasi, magari. Tano uongozi na mawasiliano: nani anaongoza, na akianguka nani anashika mahali pake. Mume wangu alituchorea mafungu hayo mchangani kwa kijiti, akasema kwamba mkopo pia ni kazi, na kamati nayo ni kikosi kinachoombwa kuingia kazini pamoja nasi.

Tulikaa siku nzima juu ya ile sentensi moja. Wasomaji wanaweza kuona ajabu, lakini sentensi ile ndiyo iliyotutoa jasho kuliko mambo mengine yote. Mwishowe ikawa hivi: "Tunaomba shilingi milioni 4 kwa miaka miwili, tununue mashine na vichanja, ili kahawa ya wanachama 24 iuzwe kavu badala ya kuuzwa mbivu." Historia ya kikundi ikaondoka. Wimbo ukaondoka. Shida za wajane hazikuondoka, ila zilihamia katika fungu la kwanza, la hali ilivyo, na huko zikaelezwa kwa mfano mmoja tu wa mama mmoja aliyeuza maua, bila ya kumtaja jina na bila ya kulia. Mimi naona kwamba mwenye kuomba fedha kwa machozi humfanya msikilizaji atamani kuondoka mapema.

Kisha tukaja kwenye hesabu. Hapa nitakawia kidogo, maana hapa ndipo maelezo mengi ya biashara hufa, hata yale yanayosemwa na watu wenye elimu kubwa.

Bei ya kahawa haiamuliwi Maliba, wala Kampala. Baridi kali au ukame ukiipiga Brazili, bei hupanda duniani kote, na mavuno yakifurika huko, sisi hulia huku. Mwaka 2019 bei ya arabika katika soko la New York ilishuka chini ya dola 1 kwa ratili. Februari 2025 ilipita dola 4. Mtu anayeandika makisio yake kwa bei ya juu anaweza kuonyesha faida inayomeremeta, na mjumbe wa kamati aliyeishi Kasese muda wa kutosha atajua mara moja kwamba anadanganywa, au kwamba anayesema naye amejidanganya. Sisi tulikubaliana kuhesabu kwa bei ya chini. Tulijiwekea shilingi 1,000 kwa kilo ya mbivu na shilingi 7,500 kwa kilo ya kahawa kavu ya ganda.

Wanachama 24, kila mmoja kwa wastani kilo 500 za mbivu kwa mwaka, ni kilo 12,000. Zikiuzwa mbivu ni shilingi milioni 12. Zikimenywa na kukaushwa, kwa kukisia kilo sita zitoe moja, ni kilo 2,000, nazo ni shilingi milioni 15. Tofauti ni milioni 3. Toa shilingi 600,000 za magunia, usafiri na matengenezo ya mashine, zinabaki 2,400,000. Riba ya chama ilikuwa asilimia 12 kwa mwaka juu ya deni lililobaki. Mwaka wa kwanza tungelipa milioni 2 za deni na 480,000 za riba.

Msomaji mwepesi wa hesabu ameshaona. Kwa bei ya chini, mwaka wa kwanza tunapungukiwa shilingi 80,000.

Palikuwa na mabishano makali juu ya shilingi hizo 80,000. Wengine walisema tuongeze kidogo bei ya kahawa kavu, shilingi 50 tu kwa kilo, nazo zitatoweka, nani angejua? Ni kweli kwamba hakuna ambaye angejua. Lakini bibi mmoja mkubwa wa umri, asiyejua kusoma, ambaye ndiye mtunza sanduku letu, alisema kwamba sandukuni tunazo fedha zaidi ya hizo, na kwamba yeye atazionyesha. Basi tukaiandika ile pengo kama ilivyo, na chini yake tukaandika mahali fedha zitakapotoka. Nitaeleza baadaye kilichofuata.

Upande wa picha, tulijifunza kwa majirani. Kule Kyarumba, katika wilaya yetu hii hii, chama cha ushirika cha Bukonzo Joint kimejulikana kwa mtindo wa wakulima kuchora mipango yao wenyewe. Mtindo huo, uitwao kwa herufi zake GALS, uliundwa kwa msaada wa mtaalamu Linda Mayoux akifanya kazi pamoja na wakulima wa huku. Mkulima huchora mti: mizizi inaonyesha ni nani katika nyumba anayefanya kazi ipi, na matawi yanaonyesha ni nani anayetumia fedha na kwa jambo gani. Nyumba nyingi zilipochora mti huo, mti ulionekana umelalia upande mmoja. Mama anaonekana mizizini kila mahali, na matawini haonekani sana. Hata mtu asiyejua herufi moja huielewa picha hiyo, na huweza kuieleza kwa kidole chake bila ya kubabaika, kwa kuwa ni yeye aliyeichora.

Nasi tukachora juu ya karatasi mbili kubwa za manila. Ya kwanza ilikuwa njia: mwanzoni mwake mizani ya mchuuzi, mwishoni mwake ghala letu, na katikati mito miwili ya kuvuka, mmoja ukiwa ni bei kushuka na mwingine mvua wakati wa kuanika. Ya pili ilikuwa zile hesabu nilizozitaja, mistari sita tu, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka kutoka nyuma ya chumba. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alitushauri tutumie kompyuta na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Shauri lake halikuwa baya, lakini karatasi ya manila haina haja ya umeme, na umeme wa kwetu una hiari yake.

Zaidi ya karatasi, tulibeba vitu vitatu: bakuli la kahawa mbivu, bakuli la kahawa kavu iliyomenywa na kuanikwa vizuri kwa mashine ya kuazima, na bakuli la kahawa iliyokaushiwa chini kwenye udongo, yenye harufu ya ukungu. Askari polisi wataelewa maana yake. Shahidi anaweza kuzungumza saa nzima mahakamani, lakini kidhibiti kikiwekwa mezani, hakimu huinua kichwa.

Nikitaja polisi, nimkumbuke koplo mmoja aliyekuwa akiishi jirani nasi. Huyo alikuwa amehudhuria mahakamani mara nyingi kutoa ushahidi, na mawakili walikuwa wamemhoji mpaka akajifunza ufundi wao. Tulimwomba aje atusikilize, naye akaja na daftari. Tuliposema, hakutusifu. Alituuliza. "Afande," nilimwambia mara moja, "hata kamati haitakuwa na ukali huu." Akajibu kwamba basi siku hiyo tutaona ni rahisi. Aliuliza mashine ikivunjika kipuri kitatoka wapi. Aliuliza mto ukifurika itakuwaje, nasi sote tukanyamaza kidogo, kwa maana watu wa Kasese hatujasahau tarehe 1 Mei 2013, pale Nyamwamba ulipovunja kingo na kubeba nyumba na madaraja. Mashine ilikuwa iwekwe karibu na kijito, kwa ajili ya maji ya kuoshea. Kwa sababu ya swali lile tulibadili mahali, tukaipandisha mlimani, na maji tukayaleta kwa bomba la plastiki. Kwa hiyo kujiandaa kwa maelezo kuliigeuza biashara yenyewe, jambo ambalo mimi sikulitegemea.

Swali lake la mwisho lilikuwa baya kuliko yote. "Shamba ni la mume. Mume akiuza maua kabla yenu kumenya, kamati itamdai nani?"

Jibu la swali hilo halikuwa la maneno. Ilibidi kila mwanachama aende nyumbani akazungumze na mumewe. Wengine walizungumza usiku kucha. Tuliandika karatasi moja ya makubaliano kwamba kahawa ya nyumba ile haitauzwa ikiwa maua muda wote wa mkopo, mume na mke wakatia sahihi au dole gumba, na mwenyekiti wa kijiji akagonga mhuri. Waume wawili walikataa, na wake zao walibaki katika akiba lakini wakatoka katika mkopo. Tukawapata wengine wawili mahali pao. Mume mmoja alikuwa Somalia, akatuma kibali chake kwa ujumbe wa simu, nasi tukaunakili ujumbe huo neno kwa neno na kuubandika nyuma ya karatasi.

Ilibaki lugha na msemaji. Nyumbani tunasema Lhukonzo. Katika kamati walikuwamo Wakonzo, Watoro na Wasongora, na mwanajeshi mstaafu kutoka upande mwingine wa nchi. Tukachagua Kiswahili. Najua kwamba katika Uganda watu wengi waliwahi kukichukia Kiswahili kwa kuwa walikisikia kwanza kikitoka nyuma ya mtutu wa bunduki. Lakini sisi wa mpakani tumekijua pia kama lugha ya soko. Serikali imekipa hadhi ya lugha rasmi ya pili katika katiba tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Hilo ni jema, ingawa Kiswahili cha mama muuza samaki wa Bwera hakikungoja baraza lolote.

Kwa hakika, mtu anayetaka kujifunza kueleza biashara na aende siku ya soko pale Mpondwe, karibu na Bwera, mahali Uganda inapopakana na Kongo. Amtazame mama anayeuza vitenge kwa wateja kutoka ng'ambo. Hamwelezi mteja jinsi alivyopata mtaji. Hukunjua kitenge, akamwekea mkononi aguse, akataja bei, kisha akanyamaza. Kunyamaza huko ni ufundi mkubwa. Msemaji mgeni wa kazi hii, akishataja kiasi anachokitaka, huogopa ukimya akaanza kujipunguza mwenyewe: "milioni nne, lakini hata tatu, hata mbili na nusu." Tulimchagua msemaji wetu mkuu kwa sababu hiyo moja. Ni mwanamke wa makamo ambaye amewahi kuuza maharage Mpondwe, na anajua kutaja bei na kufunga mdomo. Mimi nilipewa hesabu. Yule bibi mtunza sanduku alipewa picha ya njia, aseme kwa Lhukonzo na mwenzetu atafsiri.

Juu ya mavazi sitasema mengi. Gomesi safi, zilizopigwa pasi, hata kama ni za zamani. Hatukushona sare mpya, kwa kuwa mjumbe yeyote angejiuliza ni nani aliyezilipia.

Siku ilipofika tulikuta kijana mmoja mbele yetu, mwenye suti na kompyuta, anayeomba mkopo wa mradi wa samaki. Mlango ulikuwa wazi na sote tulimsikia. Alikuwa ameandika maneno yake yote katika picha za ukutani, akayasoma moja baada ya jingine huku amewapa wajumbe mgongo. Katika picha ya tano au ya sita umeme ukakatika. Nilimwonea huruma, maana alikuwa na akili, na mradi wake pengine ulikuwa bora kuliko wetu. Lakini bila ukuta hakuweza kusema samaki wake watakula nini. Mjumbe mmoja alimwuliza kwa upole, naye akasema kwamba jambo hilo limo katika picha inayofuata.

Sisi tulitumia dakika tisa. Msemaji wetu alisema ile sentensi moja mwanzoni, kabla hata ya kuwataja wanachama, akaisema tena mwishoni. Mabakuli yalipita mkono kwa mkono. Mwanajeshi mstaafu aliinusa kahawa yenye ukungu akakunja uso, na kicheko kidogo kikapita chumbani, nacho kilitusaidia. Nilipoonyesha mstari wa shilingi 80,000 tunazopungukiwa, mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye miwani, alinisimamisha. Aliuliza kwa nini tunawaambia jambo hilo. Nilimjibu, "Mzee, kwa sababu bei ikishuka mtaliona wenyewe mwakani, na wakati huo mtataka kujua kama tulilijua." Bibi akafungua daftari la sanduku, akaonyesha akiba. Mwenyekiti akaandika kitu. Kuanzia hapo maswali yao yalibadilika. Hayakuwa tena ya kututega. Waliuliza jinsi ya kufanya, kama watu ambao wamekwisha kuingia kazini.

Swali la maua lilikuja, tena karibu kwa maneno yaleyale ya koplo. Msemaji wetu hakujibu. Aliiweka mezani ile karatasi yenye sahihi na mhuri, na nyuma yake ule ujumbe kutoka Somalia. Mjumbe mmoja mwanamke aliusoma kimya, akampa mwenzake.

Hawakutupa milioni 4. Walitupa milioni 3 na nusu, wakataka mizani tuinunue kwa akiba yetu wenyewe. Baadhi yetu walinung'unika njia nzima ya kurudi. Mimi niliona ni haki: mkopeshaji anayetaka mkopaji naye atie kitu chake hajafanya ubaya. Na kwa kuwa deni lilipungua, ile pengo ya 80,000 nayo ikaziba.

Jambo moja zaidi nalitaja kwa ajili ya wale watakaokwenda kwa mnunuzi badala ya kwenda kwa mkopeshaji, maana hawa ni watu wawili tofauti. Mkopeshaji anataka kujua kama fedha zitarudi. Mnunuzi hana shida na riba yako wala na mizizi ya mti wako. Anataka kujua kama gunia la kumi litafanana na la kwanza. Mnunuzi wa kwanza aliyekuja kutuona tulimwandalia karatasi zilezile za manila, naye hakuzitazama. Alichagua gunia mwenyewe, la chini kabisa, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa punje, akaiuma. Kisha akauliza kahawa ile ni ya nani na ilianikwa siku ngapi. Tulikuwa na daftari la kila gunia, kwa hiyo tukamwambia. Akachagua jingine, akauliza vilevile. Maelezo yetu yote kwa mnunuzi yule yalikuwa ni daftari lile, na hakuna aliyetoa hotuba.

Deni lilikwisha mwaka 2025, mapema kidogo, kwa sababu bei ilipanda kuliko tulivyothubutu kuandika. Hakuna mwanachama aliyeuza maua katika miaka ile miwili, ingawa najua nyumba tatu ambazo ilibakia kidogo tu, na katika moja ni sanduku letu lililolipa karo. Sasa tunataka ghala la matofali. Wanawake wadogo watatu ndio watakaosema safari hii, na wamekwisha kuanza kubishana juu ya sentensi yao moja. Kamati imewapa dakika kumi tu. Shida yetu ni kwamba yule koplo amehamishiwa kituo kingine, na mpaka sasa hatujampata mtu mwingine mwenye ulimi mkali kama wake wa kuja kutuhoji.